Onyo la Mafuriko Lililokwama Kwenye Kichujio

Bwawa la Masinga likifurika, maji huchukua siku kadhaa kuteremka na Mto Tana hadi Garsen. Kwa mtu wa Ndera, kwenye bonde la mto huo, siku hizo ni uhai: mkulima aokoe mahindi yaliyokomaa, mfugaji ahamishe ng'ombe, wazee na watoto wapelekwe penye mwinuko. Saa yoyote inayopotea ofisini inakatwa kwenye siku hizo.

Ofisi ya kisa hiki cha kufunzia haina jina. Kazi yake ilikuwa kupokea vipimo vya kina cha mto na kuvisambaza kwa baruapepe kwa machifu na kamati za vijiji. Kiangazi barua zilifika papo hapo. Masika yalipoingia, ripoti na picha zikamiminika, na onyo lililotumwa saa nane mchana likawa linafika karibu saa tisa.

Lawama ikauangukia mtandao. Wakalipia intaneti ya kasi zaidi, barua zikachelewa vilevile. Fundi akaongeza vichujio vya virusi na barua taka vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja kwenye seva, kutoka 2 hadi 20. Memori ikajaa, mashine ikaanza kuazima nafasi kwenye diski, mambo yakawa mabaya zaidi. Akavirudisha hadi 2. Pesa na siku zimekwenda, na mpaka hapo hakuna aliyekuwa amefungua logi.

Logi ya Postfix, programu ya seva iliyosambaza barua hizo, huonyesha muda wa kila barua katika sehemu nne: kabla ya kufikia msimamizi wa foleni, kungoja zamu, kufungua mawasiliano, na kukabidhi. Mstari mmoja ulisomeka 0.3/2400/0.1/48. Anayekabidhiwa hapo ni kichujio kilichomo ndani ya mashine ileile, kwa hiyo mtandao wa kuelekea Ndera haukuhusika kabisa. Barua moja ilichujwa kwa sekunde 48. Zilipitishwa mbili mbili. Barua yenye nyingine 100 mbele yake ikangoja sekunde 2400, yaani dakika 40.

Kwa nini sekunde 48? Kwa kila barua, kichujio kiliuliza kupitia DNS kama mtumaji yumo kwenye orodha za wasambaza taka. Orodha mojawapo ilikuwa imekufa zamani, na kila swali lilisubiri jibu mpaka muda uliowekwa uishe. Orodha iliyokufa inaweza kudhuru hata zaidi. ORDB, orodha mojawapo ya namna hiyo, ilifungwa Desemba 2006, na Machi 2008 ikaanza kujibu kwamba kila mtumaji ni wa taka. Waliokuwa bado wanaiuliza wakakataa barua halali.

Wapo waliotaka kichujio kizimwe. Lingekuwa kosa kubwa, maana virusi havijali mafuriko. Fundi aliondoa orodha mfu, akaweka seva ya DNS yenye akiba kwenye mashine yenyewe, akapunguza muda wa kusubiri. Maonyo ya ofisi yenyewe yakaendelea kupimwa virusi, lakini yakaondolewa vipimo vya taka.

Wewe unayetunza seva ya namna hii, fungua logi leo, kabla ya mvua, usome tarakimu zile nne. Ya pili na ya nne zikiwa kubwa kwenye mistari ya kichujio, anza hapo kabla ya kulipia chochote. Na onyo la mafuriko usiliachie baruapepe peke yake: mpigie chifu simu.