Mwenye Jeshi Kubwa Naye Aketi Ahesabu

Somo: Luka 14:28–33



Katika somo la juma hili Bwana anatuonyesha mfalme anayetaka kwenda vitani. Kabla ya kutoka anaketi, anatafuta shauri, anapima kama watu wake elfu kumi watamweza adui mwenye elfu ishirini. Tumezoea kulisoma fungu hili kama onyo kwa mnyonge: usianze usichokiweza. Leo nawaomba tumfikirie yule mwenye elfu ishirini. Mwenye wachache hulazimika kuhesabu. Mwenye wengi ndiye anayesahau kuketi, na pwani yetu imewahi kulishuhudia hilo.

Novemba 1914, miezi mitatu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, Waingereza waliazimia kuiteka Tanga kutoka baharini. Ilikuwa bandari ya Wajerumani na mwanzo wa reli ya kwenda Moshi. Jenerali Arthur Aitken aliletwa kutoka India na askari wapatao 8,000. Baadhi yao walikuwa wamekaa melini majuma kadhaa, katika joto na kichefuchefu cha bahari. Wengine walipewa bunduki za aina mpya karibu na siku ya safari, wala hawakupata nafasi ya kuzizoea. Walipofika Mombasa, askari wa KAR, kikosi cha Waingereza cha askari Waafrika, walioifahamu nchi na mapigano yake, walitolewa wawasaidie. Aitken alikataa. Aliamini kwamba askari Waafrika wa Wajerumani hawangesimama mbele ya jeshi lake.

Asubuhi ya tarehe 2 manowari ya Waingereza iitwayo Fox ilitangulia Tanga. Nahodha wake akawaarifu wenye mji kwamba makubaliano ya kutoshambuliana bandarini yamekwisha, akawataka wasalimu amri. Kisha saa nyingi zikapotea kwa hofu ya mabomu yaliyotegwa majini. Wakati huo telegramu zilikuwa zikienda bara, na Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akiwapakia askari wake kwenye treni, safari ya zaidi ya kilomita 350. Waingereza waliteremka usiku Ras Kazone, mashariki ya mji. Kikosi chao cha kwanza kilipojaribu kuingia mjini tarehe 3, kilirudishwa nyuma.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow-Vorbeck alipanda baiskeli, akapita katika mitaa mitupu ya Tanga na kwenda mpaka karibu na bahari kujionea mwenyewe. Aliziona meli za adui zimewashwa taa. Ndivyo Nehemia alivyozunguka kuta za Yerusalemu usiku kabla ya kumwambia mtu neno. Simsifu kanali huyu. Vita vyake vya miaka minne viliua wapagazi na wanavijiji wengi mno, na si yeye wala Aitken aliyewauliza wenyeji wa Tanga kama wanataka kupiganiwa. Lakini alikwenda kutazama, na Aitken hakutazama.

Mchana jeshi kubwa lilisonga mbele kupitia mashamba na vichaka visivyopelelezwa. Mbele yake walikuwapo watu wapatao 1,000 tu. Vikosi vilipotezana, bunduki za rasharasha zikawapata, na nyuki waliochokozwa na risasi wakawavamia. Zaidi ya 800 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, wengi wao Wahindi waliovushwa bahari kupigana katika nchi wasiyoijua. Usiku huo, kwa sababu ya amri iliyoeleweka vibaya, Wajerumani nao walitoka mjini, na kwa saa kadhaa Tanga haikuwa na mtu wa kuilinda. Aitken hakujua. Tarehe 5 aliwarudisha watu wake melini, akaacha ufuoni silaha na risasi 600,000, na adui akazichukua kwa matumizi yake.

Baadaye vita vile vikaitwa vita vya nyuki. Ulikuwapo hata uvumi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki wale makusudi. Lakini nyuki waliwauma watu wa pande zote mbili! Kushindwa kulianzia Mombasa, pale msaada ulipokataliwa na adui alipodharauliwa.

Wapendwa, nasi tunao nyuki wetu wa kusingizia. Kamati ya ujenzi ina fedha za kutosha, inaanza kazi bila kumwuliza fundi wala mzee anayejua maji ya mvua yanapita wapi. Ukuta ukibomoka, tunasema ni Shetani. Tunapeleka wainjilisti kijijini bila kuzungumza na mwinjilisti aliyekaa huko miaka yote. Mkutano ukikosa watu, tunasema mioyo yao ni migumu. Baba mwenye kipato kizuri anahamisha nyumba nzima bila kumsikiliza mkewe wala watoto, na mambo yakiharibika anawalaumu walimwengu. Shetani yupo, nami sikatai kazi yake. Lakini tusimbebeshe dhambi ya kiburi chetu.

Yapo pia maombi yanayotumika kukwepa kuuliza. Mtu anafunga siku tatu ili Mungu ambariki katika mpango ambao hajawashirikisha watakaoubeba. Yesu aliyetufundisha kuomba ndiye aliyetufundisha kuketi na kupiga hesabu. Kutafuta shauri hakupunguzi imani. Ni kukiri kwamba Mungu amewapa na wengine macho. Na kiongozi asipoketi, gharama haiondoki. Inashuka kwa wadogo ambao hawakuulizwa, kama ilivyowashukia askari wale wa Tanga.

Basi juma hili, wewe uliyejaliwa watu, fedha au madaraka, mtafute mmoja unayemwona mdogo lakini anaijua kazi unayotaka kuianza. Mwulize, nyamaza, msikilize mpaka amalize. Akikuonyesha kwamba mpango una kasoro, uahirishe bila kuona aibu, kisha mwombe Bwana awape hekima ninyi nyote wawili.