BETHELI, KANISA LA MFALME

Somo: Amosi 7:10-15 na Yohana 6:14-15

 

Wengi wenu mlikuwepo siku ile mhubiri mgeni alipotutembelea. Alihubiri vizuri juu ya toba, na tulibarikiwa. Mwishoni akageukia mambo ya nchi. Alisema Kongo imeoza kwa sababu haijakabidhiwa kwa Yesu, na dawa yake ni sheria ya kuifanya nchi ya Kikristo, itawaliwe na watu waliookoka peke yao, na habari ya kura iachwe kwa maana Mungu hapigiwi kura. Halafu akaacha karatasi ili kila jamaa iandike jina lake kuunga mkono jambo hilo. Kanisa zima likasema Amina. Sisi wachungaji na wazee tuliokaa mbele tulisema Amina pia, na ndiyo sababu tunaandika.

Baada ya ibada kijana mmoja wa kwaya alitufuata. Shangazi yake alikuwa kanisani Kasindi tarehe 15 Januari 2023, bomu lilipolipuka watu wakiwa katika ibada ya ubatizo. Hakutoka. Kijana akatuambia, "Pasta, wale wanaotuua wanasema wanapigania utawala wa dini yao. Kwa nini na sisi tusiwe na utawala wa dini yetu, ili watuogope?"

Swali hilo si la kuchekwa. Linatoka katika uchungu, na mtu aliyezika hawezi kujibiwa kwa maneno mepesi. Hapa Mpondwe penyewe, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji hao hao waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Tulilia pamoja na wenyeji wetu. Kwa hiyo tumelipeleka swali la kijana mbele ya Neno la Mungu, tukafika Betheli.

Betheli ilikuwa mahali patakatifu. Huko Yakobo aliota ngazi. Lakini katika siku za Mfalme Yeroboamu pakawa mahali pa serikali. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, mtu wa Tekoa katika Yuda. Alipofika pale akasema juu ya maskini wanaouzwa kwa jozi ya viatu, kuhani Amazia alipeleka habari kwa mfalme kwamba mtu huyu anafanya fitina, kisha akamwambia Amosi akimbie arudi kwao akale mkate huko. Angalieni sababu aliyoitoa. Hakusema Amosi anadanganya, wala hakumwuliza kama Mungu amesema. Alisema hapa ni patakatifu pa mfalme, ni nyumba ya ufalme. Basi ndugu, hayo ndiyo yanayotokea madhabahu ikishakuwa mali ya ikulu: sadaka zinaendelea, nyimbo zinaendelea, na nabii anaambiwa aende ukimbizini.

Tuko wengi hapa tunaojua maana ya kuambiwa ukimbie.

Jirani zetu wa Burundi waliyaona haya, na baadhi yao wako makambini Uganda hii hii. Pierre Nkurunziza aliingia urais mwaka 2005 baada ya vita virefu. Alikuwa mtu aliyeokoka, mtu wa mikesha na mikutano ya maombi, na hata timu yake ya mpira iliitwa Haleluya. Wengi tulifurahi kusikia rais anayepiga magoti. Hatusemi maombi yake yalikuwa ya uongo, moyo wa mtu anaujua Mungu. Lakini aliamini, na watu wake wakaimba, kwamba ni Mungu aliyemweka pale. Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yalikuwa yameweka mpaka wa vipindi viwili. Mwezi wa Aprili 2015 chama chake kikamtangaza agombee tena. Maaskofu wa Katoliki walikuwa wamekwisha kusema wazi kwamba sheria hairuhusu, na mwezi wa Mei wakawaondoa mapadre wao katika tume za uchaguzi. Watu walioandamana walipigwa risasi. Kufikia mwaka 2017 Warundi zaidi ya 400,000 walikuwa wamekimbia nchi yao. Mwaka 2018 chama kikampa jina la kiongozi mkuu wa daima, naye mwezi wa Juni 2020 akafariki kama tutakavyofariki sote.

Hapo ndipo penye mtego, wapendwa. Rais aliyewekwa na kura, kura inaweza kumwondoa. Mtu akiisha kusema Mungu ndiye aliyemweka kwa namna ya pekee, yeye na chama chake, basi anayempinga anahesabiwa kuwa anampinga Mungu, hata kama ni askofu. Hesabu ya kura inageuka kuwa kosa la imani.

Kijana wetu atasema hayo ni ya mtu mmoja, ila nchi nzima ikikabidhiwa kwa Kristo itakuwa tofauti. Rwanda ilifanya hivyo. Mwezi wa Oktoba 1946 Mwami Mutara Rudahigwa aliiweka nchi yake wakfu kwa Kristo Mfalme, kwa sherehe kubwa. Mwaka 1994 watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata waliuawa humo humo ndani, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Hatuandiki hili kwa kuwadharau Wanyarwanda. Twaandika kwa sababu jina la Kristo juu ya taifa halikuzuia panga hata moja.

Kuna habari njema kidogo kutoka Zambia. Rais Frederick Chiluba aliitangaza Zambia kuwa nchi ya Kikristo tarehe 29 Desemba 1991, bila kuyauliza makanisa, na mwaka 1996 neno hilo likaingia katika utangulizi wa katiba. Mwaka 2001 watu wake walipotaka kumtafutia kipindi cha tatu, makanisa yenyewe, ya Katoliki, ya Kiprotestanti na ya kiinjili, yalikaa pamoja na wanasheria na vyama vya wanawake yakakataa. Mwezi wa Mei mwaka huo Chiluba akasema hatagombea. Waliomzuia walikuwa Wakristo ambao hawakukubali kuwa Amazia.

Siku hizi fikra hii inatembea dunia nzima. Tuliona Marekani tarehe 6 Januari 2021 bendera zenye jina la Yesu zikibebwa katika lile kundi lililovamia bunge kupinga hesabu ya kura.

Sasa tuseme na ya kwetu, maana ni rahisi kuhesabu dhambi za majirani. Katika uchaguzi wa Novemba 2011, tukiwa bado nyumbani Kongo, tulimwita mgombea mmoja wa bunge madhabahuni tukamwekea mikono. Alikuwa ametuletea mabati 40. Tulitangaza kuwa ndiye mtu wa Mungu. Mama mmoja mzee, aliyefagia kanisa lile miaka mingi, alikuwa wa chama kingine. Jumapili ya Meza ya Bwana hakuja mbele. Tulipomwuliza alisema, "Sikujua kama meza hii imekuwa ya chama." Hatukuwa na jibu. Yule mgombea alishinda na hatukumwona tena, lakini si hilo linalotuuma. Mama yule alihamia kanisa lingine na tulifika hapa Uganda bila kumwomba msamaha.

Na kura yenyewe ambayo mhubiri alisema iachwe? Watu wa Beni na Butembo, ninyi mnakumbuka. Desemba 2018 tuliambiwa hatutapiga kura pamoja na nchi nyingine kwa sababu ya Ebola na usalama. Yetu ikasogezwa mpaka Machi 2019, na rais akatangazwa Januari bila sisi. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walifanya nini? Walipanga mistari wenyewe, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Baba zetu na mama zetu walisimama juani ili waonekane kuwa ni watu. Sisi hatuwezi kuwaambia leo kwamba jambo lile ni upuuzi mbele za Mungu. Hata Bwana wetu, walipotaka kumshika kwa nguvu wamfanye mfalme, aliondoka akaenda mlimani peke yake.

Tena tujiulize, nchi ya Kikristo kwa sheria ingemweka wapi jirani yetu Mwislamu pale sokoni Bwera, aliyetupa chumba kwa wiki tatu tulipovuka mpaka bila godoro wala sufuria? Alitupa na sabuni. Hakutuuliza dini. Nchi hii iliyotupokea husema kwamba ni kwa ajili ya Mungu na nchi yangu, lakini katiba yake ya mwaka 1995, kifungu cha 7, inakataza kuwa na dini ya serikali. Katika nafasi hiyo ndipo kanisa letu la turubai linapata kuimba, na msikiti nao unaadhini.

Kuhusu ile karatasi, tunawaomba msiiandike. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 hairuhusu mkimbizi kufanya siasa ndani ya Uganda, na jina lako likikutwa katika orodha ya namna hiyo unaweza kujiletea taabu wewe na watoto. Waliokwisha kuandika waje kwa wazee bila kuogopa. Karatasi iko kwetu, na majina yatafutwa mbele yao.

Yule kijana tulimweleza haya yote. Hakuridhika. Alituuliza kama basi shangazi yake alikufa bure. Tulimwambia hapana, alikufa katika Bwana, naye Bwana hahitaji bunge ili amkumbuke. Alinyamaza, akalia, nasi tukalia naye. Alhamisi saa kumi atatusomea Amosi yote, sura tisa, katika darasa la vijana, na wazazi wanakaribishwa.

Mhubiri mgeni ametuma habari kwamba anataka kurudi mwezi ujao. Wazee wamemjibu kwamba mimbari iko wazi kwa Injili, na kwamba safari hii aje bila karatasi.