Chema Chajiuza? Tafakuri Kuhusu Mwandishi Mpya na Soko la Kitabu Chake

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi walimu wa fasihi tumezoea kuinukuu methali hii kila mwandishi chipukizi anapoonekana akizunguka na mkoba wa nakala za kitabu chake. Huwa tunaitamka kwa tabasamu, lakini ndani yake mna hukumu: kwamba anayekitembeza kitabu chake amekwisha kukiri kuwa si chema. Makala haya yanakusudia kuichunguza hukumu hiyo. Swali letu ni la kimaadili zaidi kuliko la kibiashara: mtu aliyechapisha kitabu chake cha kwanza ana haki gani, na ana wajibu gani, katika kukitafutia wasomaji? Tutajaribu kuonyesha kuwa kosa, pale linapokuwapo, halimo katika kukitembeza kitabu. Limo katika kukitolea ushahidi ambao mwandishi hana mamlaka ya kuutoa, na zaidi katika kumnyima msomaji uhuru wa kukikataa.

Ni haki msomaji aelezwe tangu mwanzo kuwa mwandishi wa makala haya ni mhusika katika kesi hii. Baada ya miaka zaidi ya kumi na mitano ya kuhakiki kazi za wengine, nilichapisha riwaya yangu ya kwanza. Wakala wa mauzo wa mchapishaji alinieleza bila kunificha kuwa riwaya isiyokuwa kitabu teule haina soko, ila mwandishi mwenyewe awe nalo. “Nawe unalo darasa, Daktari,” akaniambia. Nilinunua katoni moja kwa bei ya punguzo nikaipeleka darasani. Wanafunzi walikuwa 44. Katika wiki moja niliuza nakala 31. Usiku nilizihesabu fedha zile kwa furaha ambayo sasa naionea haya. Wiki iliyofuata mwanafunzi mmoja ambaye alikuwa hajanunua alinifuata nje ya darasa, akaniuliza kwa adabu, “Samahani, Mwalimu, kitatahiniwa?” Nikamjibu kuwa hakitatahiniwa. Akashukuru, akaenda zake, hakununua.

Siku ile ile nilitangaza kuwa yeyote atakaye kurudisha nakala yake arudishiwe fedha. Wanne walirudisha. Wale wengine, hadi leo sijui kama waliridhika na kitabu au walichelea kuonekana wakikirudisha. Muhula uliofuata nilianza kwa kulitangazia darasa jipya kwamba riwaya yangu haimo katika mtihani. Niliuza nakala mbili. Tofauti iliyopo kati ya 31 na 2 ndiyo iliyonisukuma kuyaandika makala haya.

Soko la methali na soko la kitabu

Kwanza tuitendee haki methali yenyewe. Ilizaliwa katika soko ambalo bidhaa yake huonekana. Samaki hutazamwa macho, embe hubonyezwa kwa kidole, kanga hukunjuliwa na jina lake likasomwa kabla mnunuzi hajagusa pochi. Katika soko la namna hiyo, muuzaji anayepiga kelele kupita kiasi hutiliwa shaka, na kwa haki. Kitabu hakiko hivyo. Wema wake hauonekani ila kwa kusomwa, na aliyekwisha kukisoma aghalabu hana haja ya kukinunua. Mnunuzi wa kitabu hununua asichokijua. Mwandishi mzoefu humsaidia kwa jina lake. Mwandishi mpya hana hata jina. Kwa hiyo kitabu cha kwanza hakiwezi kujiuza, kiwe chema kiwe kibaya.

Huenda ikadaiwa kuwa kazi bora hudumu bila ya kutembezwa na yeyote. Mfano unaotajwa sana ni Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840), ambaye hakuhitaji wakala ili mashairi yake yavume mjini. Ni kweli. Lakini diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, na William Hichens, kule Johannesburg, kutokana na hati alizozikusanya mmishonari W. E. Taylor, ambaye naye alisaidiwa na Mwalimu Sikujua, mtaalamu wa Mombasa aliyeyahifadhi na kuyafafanua mashairi hayo. Kati ya kufa kwa mshairi na kuchapishwa kwa diwani yake kuna miaka mia moja, na kuna watu waliojitwika mzigo. Chema kile hakikujiuza: wapo waliokitembeza. Tunalisahau hilo kwa sababu aliyekitembeza hakuwa mwandishi mwenyewe.

Nchini Kenya njia kuu ya riwaya ya Kiswahili kumfikia msomaji ni shule ya upili. Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo kwa sheria ya mwaka 2013 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ndiyo iliyokuwa ikiidhinisha riwaya, tamthilia na mkusanyiko wa hadithi fupi vya kutahiniwa. Ken Walibora alipochapisha Siku Njema mwaka 1996 hakuwa mtu mashuhuri. Kuteuliwa kwa riwaya hiyo ndiko kulikoitia mikononi mwa kizazi kizima cha wanafunzi. Kitabu kisichoteuliwa hakina barabara kama hiyo. Aidha, tangu Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilipoanza kutumika, vitabu vilianza kutozwa asilimia 16, na msomaji aliyekuwa akisitasita akapata sababu nyingine ya kusitasita. Anayemwambia mwandishi mpya akae kimya angojee wema wa kitabu chake ujitangaze, anamwambia aingie baharini bila chombo.

Wako waliokataa kungoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 David Maillu alianzisha kampuni yake ya Comb Books jijini Nairobi, akajichapisha na kujiuzia. Wahakiki wengi hawakuvipenda vitabu vyake, na mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku. Hata hivyo aliwafikia wasomaji ambao wachapishaji wakubwa hawakuwa wakiwafikiria. Tunaweza kubishana naye juu ya maudhui yake, lakini hatuwezi kumlaumu kwa kuwa aliwafuata wasomaji walikokuwa.

Fauka ya hayo, ukimya wa mwandishi si unyenyekevu daima. Aristotle, katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, aliuweka ukweli wa mtu kuhusu nafsi yake kati ya kasoro mbili: majivuno upande mmoja, na kujishusha kwa uongo upande wa pili. Mwandishi anayesema, “Ah, ni kijitabu tu,” ilhali amekiandika kwa miaka sita na anatamani asifiwe, naye hasemi kweli. Tena gharama ya adabu hiyo hulipwa na wengine: mhariri aliyekesha na mswada, na mchapishaji aliyeitia fedha yake katika jina lisilojulikana.

Majigambo na mashahidi

Ikiwa kukitembeza kitabu si kosa, mipaka ni ipi? Fasihi simulizi yetu ina utanzu unaoweza kutufundisha, nao ni majigambo. Mtu husimama akajitongolea sifa zake mwenyewe, na jamii haimwoni kuwa hana adabu. Kwa nini? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu aghalabu hadhira yake inakijua kitendo kinachosifiwa. Wapo waliokuwako vitani au mawindoni. Chuku zake zinajulikana kuwa ni chuku. Kipimo kimo masikioni mwa wanaosikiliza. Majigambo ni kujisifu mbele ya mashahidi.

Mwandishi anayekisifu kitabu chake kwa mtu ambaye hajakisoma anafanya majigambo pasipo na mashahidi. Msikilizaji hana cha kupimia. Hapo mwamba ngoma huivutia ngozi kwake, na hakuna mwingine aliyeushika upande wa pili. Kwa hiyo tunapendekeza kutofautisha vitendo viwili ambavyo lugha yetu tayari imevitenga: kunadi na kushuhudia. Mnadi husema kitu kipo, ni cha namna gani, kinapatikana wapi na kwa bei gani. Shahidi husema kitu hiki ni chema. Mwandishi ana haki kamili ya kunadi. Kushuhudia si kazi yake, maana katika kesi hiyo yeye ndiye mdai.

Kisa cha Walt Whitman wa Marekani kinatufaa hapa. Mwaka 1855 alichapa Leaves of Grass kwa gharama yake mwenyewe. Mwaka huo huo aliandika tahakiki bila ya kutia jina lake, akakisifu kitabu chake kana kwamba ni mtu baki. Ralph Waldo Emerson alipompelekea barua ya faragha ya kumpongeza, Whitman aliruhusu ichapishwe gazetini bila ya idhini ya mwenyewe, na katika toleo la mwaka 1856 maneno ya barua hiyo yakatiwa mgongoni mwa jalada. Kisa hiki kinaivunja methali yetu kutoka pande zote mbili. Kitabu kilikuwa chema, na kilitembezwa. Wema wake haukuufuta uongo wa ushahidi ule. Wala uongo ule haukukifanya kitabu kiwe kibaya. Hukumu ya kifasihi na hukumu ya kimaadili ni mbili, nayo methali imezifunga kwa kamba moja.

Tusimcheke Whitman kwa haraka. Nasi tuna desturi zetu. Fulani huhakiki kitabu cha fulani, naye fulani humrudishia wema huo katika toleo lijalo. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika dibaji ya kitabu ambacho nilikuwa nimekisoma nusu, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa rafiki na siku ya uzinduzi ilikuwa imekaribia. Huo ulikuwa ushahidi wa uongo, hata kama nusu ile niliyoisoma ilikuwa nzuri. Riwaya yangu ilipotoka, rafiki yule alijitolea kunihakiki. Nilikataa, akashangaa, na urafiki wetu haujarudi ulivyokuwa.

Darasa si soko

Sasa turejee kwenye nakala 31. Sikusema uongo wowote darasani. Sikukisifu kitabu; nilikinadi tu. Kwa kigezo cha sehemu iliyotangulia, sina hatia. Mbona basi swali la mwanafunzi yule lilinichoma?

Lilinichoma kwa sababu lilifichua kuwa wanafunzi wangu hawakuwa wakinunua riwaya. Walikuwa wakinunua usalama. Mnadi halali humwacha msikilizaji huru kupita. Mwanafunzi hawezi kumpita mtu atakayemtia alama. Hata niliponyamaza juu ya mtihani, kalamu nyekundu ilikuwa ikininadia.

Yako mapingamizi, nayo ni mazito. Kwanza, ni nani aijuaye kazi kuliko mtunzi wake? Pili, wahadhiri kwingi duniani hufundisha kwa vitabu walivyoviandika wenyewe. Tatu, mrabaha wa mwandishi ni mdogo, na mshahara wa mhadhiri hausifiki. Pingamizi la tatu ni la kweli, lakini ufukara wa mwalimu haufai kulipwa na fukara zaidi yake. Kwa la pili, kitabu cha sarufi au cha nadharia huweza kupimwa na jopo la idara kwa vigezo vilivyo nje ya mwandishi. Riwaya huletwa darasani ili ihukumiwe na wanafunzi wenyewe.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoanguka. Muhula ule mwanafunzi mmoja, kwa hiari yake, aliandika insha juu ya riwaya yangu. Aliisifu kwa ufundi. Nilimpa alama 71, na mpaka leo siwezi kusema ni ngapi kati ya hizo zilizokuwa za hoja zake na ni ngapi zilizokuwa za sifa zake. La kuhuzunisha zaidi ni kwamba huenda yeye pia hawezi. Kazi yetu ni kumfundisha kijana kuikabili matini bila woga. Tukimpa matini ambayo mtunzi wake ndiye mtahini, tunamfundisha kusifu. Hasara hiyo hairudishwi kama fedha ilivyorudishwa.

Tukumbuke kuwa Siku Njema haikuingizwa madarasani na mkono wa mtunzi wake. Wengine waliiteua, wengine waliifundisha, na wengine waliitahini. Lawama nyingi zinaweza kuelekezwa kwa utaratibu wa vitabu teule, lakini walau umetenganisha mkono unaoandika na mkono unaosahihisha. Idara zetu zingeweza kulifuata hilo bila gharama: kitabu cha mhadhiri kisiingie katika kozi yake mwenyewe, kikistahili, mwenzake akiteue, akifundishe na akitahini, na nakala ziwekwe maktabani.

Hitimisho

Mfano wa mwandishi anayekitembeza kitabu chake kwa haki hatuna haja ya kuutafuta mbali. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi mnamo mwaka 1858. Katika beti za mwisho hakuridhika na msomaji huyo mmoja. Aliwaita wanawake wengine nao wausome na wauelewe. Alieleza wito wake ni kwa nani na una faida gani. Hakudai kuwa yeye ni bingwa wa watunzi. Tunaweza kutokubaliana na mafunzo ya utenzi huo, na wahakiki wengi wa leo hawakubaliani nayo. Lakini waweza kukataa kwa sababu mtunzi aliwaachia nafasi hiyo.

Kwa hiyo mwandishi mpya na atembee. Aende maktabani, mashuleni kwa wasiomjua, kwenye maonyesho ya vitabu, redioni akialikwa. Aseme ameandika nini na kwa ajili ya nani, kisha anyamaze. Katoni yangu bado ina nakala tisa, nami nimeanza kuzipeleka mwenyewe kwenye maktaba za miji midogo, ambako hakuna anayehitaji alama kutoka kwangu. Mkutubi wa kwanza aliifungua, akasoma kurasa mbili amesimama, akanirudishia. Sikuwahi kuheshimiwa hivyo darasani.

Msomaji ameona kuwa jina la riwaya yenyewe sikulitaja. Mahali pengine ningelitaja bila haya, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Lakini jarida la uhakiki ni mahali pa mashahidi, na wengi wanaolisoma ni wanafunzi wetu.