Kiungo Huishi kwa Kuitwa



Mtume Paulo, katika Waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, analifananisha Kanisa na mwili, akionya kwamba kiungo kimoja kisijaribu kumwona mwenzake kuwa hana kazi. Tumezoea kulisoma onyo hilo kama fundisho la adabu, yaani tusidharauliane. Lakini mwili wenyewe unatuonyesha kwamba ni jambo la uhai na mauti.

Kila mshipa wa damu umetandikwa kwa ndani safu moja nyembamba ya chembe hai, ziitwazo seli. Tungedhani kwamba seli hizo, kwa kuwa ziko karibu na damu kuliko zote, huishi kwa sababu tu zimeshiba. Sivyo. Kila moja inayo ndani yake amri ya kufa, na amri hiyo huzuiwa na habari zitokazo nje. Mkondo wa damu ukipita juu yake huipa habari. Seli jirani zinazoukumbatia mshipa kwa nje huipa habari. Tena sehemu ya mwili iliyopungukiwa na hewa ya oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, iliyotambuliwa na Napoleone Ferrara na wenzake huko Marekani mwaka 1989. Protini hiyo hujishikiza juu ya seli, na ndani yake mjumbe mwingine, aitwaye Akt, huinyamazisha ile amri ya kufa. Ujumbe ukikoma, hasa kwa mishipa michanga, seli hufa kwa utaratibu, bila jeraha na bila adui.

Jambo hili liliwahi kuleta msiba mkubwa. Mwaka 1942 daktari Theodore Terry wa Boston aliandika habari za upofu wa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Watoto hao walikuwa wakilelewa katika masanduku ya joto na kupewa oksijeni kwa wingi, kwa nia njema kabisa. Mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alionyesha kwamba hewa hiyo nyingi huenda ndiyo sababu, na uchunguzi wa hospitali 18 za Marekani, ulioanza mwaka 1953, ukathibitisha.

Ilikuwaje? Mtoto akizaliwa mapema, mishipa ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho upokeao nuru, haijamaliza kukua. Retina huita kwa sababu inapungukiwa, na mishipa huja na kuishi. Oksijeni ilipozidi, retina haikupungukiwa tena, ikanyamaza. Seli za mishipa michanga zikafa katikati ya wingi. Baadaye jicho likaona njaa, likaita kwa kelele, na mishipa ikaja ovyo, ikavuja damu na kuivuta retina kutoka mahali pake. Mwaka 1995 Eli Keshet na wenzake huko Yerusalemu walionyesha kwamba, kwa watoto wa panya waliowekwa katika oksijeni nyingi, VEGF ikitiwa ndani ya jicho mapema huzuia seli hizo zisife.

Neno hili lisimtishe mama yeyote. Oksijeni ingali inaokoa watoto wengi, na siku hizi madaktari huipima kwa uangalifu.

Sasa, ndugu zetu, tuutazame mtaa wetu. Yupo mzee aliyetunza funguo za kanisa miaka mingi. Tunampelekea sukari na sabuni wakati wa Krismasi, nasi tunamwombea. Hapungukiwi kitu, lakini nani amwendeaye kumwomba shauri? Yupo mama aliyefundisha watoto shule ya Jumapili, akaambiwa apumzike. Yupo kijana aliyepokea kipaimara, akahubiriwa sana, wala hajatumwa kazi yoyote. Watu wa namna hii wakiacha kuja ibadani, ni rahisi kumtafuta adui: pombe, au madhehebu mengine. Huenda hakuna adui. Huenda walishibishwa, wakanyamaziwa.

Tukumbuke kwamba anayetuma ujumbe wa uhai ni yule mwenye haja. Kanisa linaloona aibu kusema "tunakuhitaji" halina ujumbe wa kutuma, hata kama ghala yake imejaa.

Bwana wetu, ambaye vitu vyote viliumbwa kwa yeye, hakuona aibu hiyo. Kisimani Samaria alianza kwa kumwomba mwanamke maji ya kunywa. Kwa Zakayo alijitakia mahali pa kukaa. Kuingia Yerusalemu aliazima punda. Mwanamke yule aliyekuja peke yake na mtungi aliuacha, akakimbia mjini kuwaita wengine. Kuombwa kulimfufua.

Basi juma hili kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyenyamaziwa. Twende kwake mikono mitupu, tukiwa na ombi la kweli: atufundishe wimbo wa zamani, atushauri juu ya ugomvi, asome somo Jumapili ijayo. Tena tusingoje mpaka njaa itufanye tuite kwa kelele, maana viungo vijavyo kwa fujo huumiza.

Ee Bwana, uliyetuita kila mmoja kwa jina, utufungue vinywa tuitane, ili asife hata mmoja kati yetu kwa kukosa neno. Amina.