Zibeni Bomba Kwanza

Wanangu mnaofanya kazi katika hospitali za Uingereza, mnaoniuliza kama gesi ya maumivu iondolewe kliniki kwa sababu inaharibu anga, nimewasikia. Nimelisema jambo hili hadi nimechoka, lakini nitalisema tena, taratibu, kwa kuwa najua hamuulizi kwa ubishi.

Mnayoyasema juu ya gesi hiyo ni kweli. Entonox ni nusu oksijeni na nusu oksidi ya nitrasi, ile ambayo watu huiita gesi ya kucheka. Mgonjwa huivuta, maumivu hupungua, kisha huitoa kwa pumzi karibu kama ilivyoingia, maana mwili hauivunji. Ikishatoka nje hukaa angani zaidi ya miaka 100, na tani yake moja hupasha dunia joto sawa na tani 273 hivi za hewa ukaa. Tena hula tabaka la ozoni. Hayo msibishane nayo.

Ila jiulizeni imetoka wapi. Huko Scotland, mfamasia Alifia Chakera na wenzake walilinganisha oksidi ya nitrasi iliyonunuliwa kwa ajili ya vyumba vya upasuaji na ile iliyotumika kweli kwa wagonjwa. Sehemu kubwa mno haikuwahi kufika puani mwa mtu. Ilikuwa ikivuja kwenye mitungi mikubwa na katika mabomba yaliyopita ndani ya kuta, usiku na mchana, chumba kikiwa na mgonjwa au kitupu. Dawa yake ikawa kuyafunga mabomba hayo na kuweka mtungi mdogo kando ya mashine, unaofunguliwa unapohitajika tu. Hakuna mgonjwa aliyenyimwa hata pumzi moja. Mama mwenye pipa linalovuja haanzi kwa kuwanyima watoto maji ya kunywa.

Sasa hiyo filimbi ya kijani mnayoisifu, kile kifaa cha kuvutia dawa ya maumivu badala ya gesi. Naisifu pia. Waaustralia wameitumia kwa miongo mingi, katika magari ya wagonjwa na katika shughuli fupi kama kubadilisha bendeji za vidonda. Ndani yake hutiwa mililita 3 za methoksiflureni, mgonjwa huishika mwenyewe na kuvuta, na baada ya pumzi chache tu huanza kupata nafuu. Akizidiwa na usingizi mkono huanguka, dawa inakoma. Pembeni ina kikopo cha mkaa maalumu, naye akipumua kurudi humo, mvuke mwingi hunaswa usijae chumbani. Na kwa joto la dunia haikaribiani na ile gesi: tani yake moja ni kama tani 4 za hewa ukaa, na angani hudumu miezi miwili hivi. Kifaa chenyewe ni plastiki ya kutupwa baada ya mgonjwa mmoja, nalo mlihesabu.

Lakini msiikimbilie kama wageni wa mambo. Dawa hii ilikuwa ya usingizi miaka ya 1960, ikitolewa kwa wingi na kwa saa nyingi, ikaharibu figo za watu hadi ikaachwa. Leo hutolewa kidogo, haipiti mililita 6 kwa siku, na kwa kipimo hicho imejijengea sifa nzuri. Hata hivyo mwulizeni mgonjwa habari za figo zake. Mwulizeni kama kuna mtu katika ukoo wao aliyewahi kupandwa na homa kali ya hatari alipopewa dawa ya usingizi. Aliyepoteza fahamu msimpe. Na kumbukeni kuwa Uingereza iliiruhusu mwaka 2015 kwa watu wazima wenye maumivu ya majeraha. Kuitumia kwa shughuli nyingine kunahitaji idhini ya wakubwa wenu, si ari tu.

Mama aliye leba filimbi hiyo si yake. Yeye gesi aachiwe. Sweden wana mitambo inayokusanya pumzi ya mzazi na kuivunja oksidi ya nitrasi ikawa nitrojeni na oksijeni, basi. Mitambo hiyo humkinga na mkunga pia, kwa maana anayeivuta gesi hiyo siku baada ya siku katika chumba kisicho na hewa ya kutosha huharibikiwa vitamini B12 mwilini.

Kinachoniuma hasa ni neno hili “vumilia”. Nimelisikia nyumbani na nimelisikia ughaibuni. Mwanamke anawekewa kitanzi, au anapitishwa kamera kwenye mji wa mimba, anakunja ngumi, machozi yanamtoka, naye anaambiwa ni dakika mbili tu. Leo neno hilohilo limepata sababu mpya, eti tunaokoa dunia. Sikubali. Maumivu ya mtu hayakuichafua anga, na kumwacha aumie hakuisafishi.

Basi kabla ya kikao chenu kijacho, nendeni kwa fundi wa gesi. Mwulizeni mitungi mingapi iliingia mwezi uliopita, kisha mkahesabu wagonjwa wangapi walivuta. Tofauti mtakayoiona ndiyo mkaizungumze kikaoni. Na yule aliyelala kitandani akisubiri, mpeni dawa yake kabla hamjamgusa.