Mguu ni wa Nani?

Kwenye mguu wa mama, pale dole gumba linapoanzia, pana nundu ngumu yenye wekundu. Nimeiona tangu utotoni, lakini nilianza kuitazama kwa kweli mwaka huu, nilipopata mshahara wa kutosha kuona aibu.

Mama alikuwa karani katika ofisi moja ya Nairobi ambako wanawake hawakuruhusiwa kuvaa viatu vya wazi. Alinunua vya mitumba Gikomba, vilivyochongoka mbele na vyenye visigino virefu, akatembea navyo kutoka steji hadi kazini. Karo yangu ilitoka hapo. Nikajiambia: mguu huu ni deni langu. Nikampeleka kwa daktari wa mifupa.

Daktari alitueleza bila haraka. Nundu si nyama iliyoota. Mfupa wa mguu umehama polepole kuelekea upande wa mguu wa pili, nalo dole limewaegemea wenzake, hadi kiungo kikatokeza. Viatu vyembamba huzidisha shida, ingawa mara nyingi umbo la mguu hurithiwa. Viatu vipana, pedi laini na dawa za maumivu hupunguza uchungu lakini havinyooshi dole. Kulinyoosha kunahitaji upasuaji: mfupa hukatwa, hupangwa upya na mara nyingi hushikiliwa kwa skrubu. Kupona kabisa huchukua miezi, na nundu inaweza kurudi.

"Hatupasui kwa sababu ya sura ya mguu," akasema. "Tunapasua kwa sababu ya maumivu. Mama, unaumwa kiasi gani?"

"Sana," nikajibu mimi.

Mama akacheka. "Daktari, muulize mwenye mguu."

Kumbe akivaa ndara haumwi. Akivaa vile viatu vya kanisani, ndiyo, unamchoma. Tukiwa kwenye matatu akanikumbusha kwamba nyanya, aliyelima peku karibu maisha yake yote, alikuwa na nundu iyo hiyo.

Nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonifichua. Nilitaka mfupa wake ukatwe ili mimi nilale usingizi. Wema wa namna hiyo ni wa nani?

Lakini wazazi wetu nao husema "siumwi" ili kutuokolea pesa. Kumwamini upesi kungeweza kuwa ubahili wangu uliovaa nguo ya heshima. Kwa hivyo nikamuuliza tena, nyumbani: "Na kama ingekuwa bure?"

"Hata bure, mwanangu. Mimi nataka tu kutembea."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nadhani kulipa deni kwa haki huanza kwa kumwacha anayedai aseme anadai nini. Mama alidai raba pana. Sasa anazivaa kanisani na gauni la kitenge, na hajali nani anatazama.

Juzi nikioga niliona dole langu la kushoto limeanza kuegemea upande. Siku moja mwanangu atakuja na mshahara wake. Naomba aniulize mimi.