Kipi Kitangulie

Mbuzi wakiingia kwenye mpunga wa watu bondeni Kintinku, jioni hiyo nyumbani kutakuwa na simulizi mbili, na huenda hakuna mchungaji hata mmoja aliyesema uongo. Mtoto wa kwanza ataanza na asubuhi: tulitoka, tukawanywesha, jua likawa kali, tukakaa kivulini, mara tukasikia kelele. Wa pili ataanza na ua wa shamba: ulikuwa umebomoka tangu wiki iliyopita, na mwenye shamba alishaambiwa. Wazee hawahitaji kufafanuliwa. Wanajua kwamba wa kwanza anaeleza siku ilivyokwenda, na wa pili anaeleza kosa ni la nani. Watapima maneno ya yule na ya huyu, watauliza mawili matatu, ndipo waamue.

Mtoto huyohuyo akifungua kitabu cha darasa la tano, uwezo huo huuacha mlangoni. Kitabu kwake ni mahali pa kuokota majibu. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka gani? 1910. Tabora? 1912. Kigoma? 1914. Vizuri, swali linalofuata. Hakuna anayemuuliza kwa nini mwandishi alianza na mwaka badala ya kuanza na watu waliobeba mataruma, au na bonde ambalo njia ile ililazimika kulivuka kabla ya kupanda ukingo wa juu kuelekea Saranda na Manyoni. Tumemzoesha mtoto kuamini kwamba mpangilio wa habari umekuja wenyewe, kama mpangilio wa vidole.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa muda, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo linavyotoka kwenye mbinu za kusoma na kuingia kwenye maadili. Watafiti wa usomaji wana hoja yao, na ni hoja nzuri. Mmarekani Bonnie Meyer, tangu kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha kwamba msomaji anayetambua jinsi habari ilivyopangwa huikumbuka vizuri zaidi. Viwango vya elimu vilivyotolewa Marekani mwaka 2010, na kupokewa na majimbo mengi ya huko, vinamtaka mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja alinganishe mpangilio wa habari mbili au zaidi: hii inafuata wakati, ile inafuata sababu na matokeo, nyingine inaanza na tatizo na kuishia kwenye ufumbuzi. Sina ugomvi na kumbukumbu. Ila kinachonivuta mimi ni kingine: mtu akishajua kwamba kilichotangulia kimetangulizwa, haongozwi tena kama kipofu.

Kintinku yenyewe ni mfano tosha. Tuseme mwalimu amewaambia watoto waieleze. Mmoja ataandika kwa mahali: ni kituo cha reli wilayani Manyoni, kwenye bonde tambarare linaloelekea kinamasi cha Bahi, ambako Mto Bubu humwaga maji yake yasiyofika baharini. Kaskazini magharibi ardhi inapanda. Barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida inapita hapo. Mwingine ataandika kwa wakati: misafara ya pwani ilikatiza Ugogo ikilipa hongo, wakaja Wajerumani na boma lao kule juu Kilimatinde, ikaja reli, ukaja uhuru, na sasa reli ya kisasa, ile ambayo kipande chake cha kutoka Morogoro kinaishia Makutupora. (Makutupora hii ya Manyoni, siyo ile ya visima vya maji na zabibu kaskazini mwa Dodoma. Wasomaji wa magazeti huzichanganya kila siku.) Watoto wote wawili wameandika ukweli. Lakini katika habari ya kwanza hakuna mtu hata mmoja, na katika ya pili kila mtu anapita njia akienda kwingine. Wanakijiji wenyewe hawamo kokote. Mwalimu akiwauliza watoto ni nani amekosekana, somo limeshaanza.

Mpangilio si tabia ya mwandishi aliyozaliwa nayo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, alitufanyia kazi hii bila kukusudia. Mjerumani Carl Velten alichapisha habari za safari za Waswahili mwaka 1901, na ndani yake Mtoro anasimulia safari yake ya Udoe na Uzigua kwa mfuatano wa njia. Mwaka 1903 ikatoka kazi kubwa ya desturi za Waswahili, ambayo sehemu kubwa ni ya Mtoro yuleyule, na humo njia imeachwa: habari inaanza na mtoto kabla hajazaliwa na kumfuata mwanadamu katika hatua za maisha. Katika ile ya kwanza Wadoe ni watu unaokutana nao ukiwa umebeba mzigo. Katika ya pili hakuna mgeni, uko ndani ya nyumba. Na kwa Ugogo tuna Mathias Mnyampala, mwenyeji wa huko, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 kinatangaza mpangilio wake kwenye jina: historia, mila na desturi za Wagogo. Historia imetangulia. Angeweza kuanza na mila, kama walivyozoea wageni waliowaandika Waafrika kana kwamba hawakuwa na jana.

Sasa nifike kwenye jambo zito, nalo ni njaa ya Mtunya. Ilipiga Ugogo kati ya miaka ya 1916 na 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza kwa kina, anataja vifo vya watu 30,000 kati ya watu 150,000. Yaani katika kila watu watano, mmoja. Si habari ya kumrushia mtoto mdogo, lakini kwa darasa la sita, katika nchi ambayo bibi wa bibi zao waliipitia, sioni sababu ya kuificha. Chukua ubao, uugawe kwa mstari wa chaki, uandike upande wa kushoto:

Mwaka 1916 Waingereza waliingia Dodoma. Vita vikahamia kusini. Mvua zikaharibika, mavuno yakawa haba. Njaa ikazidi. Watu wengi wakafa, wengine wakahama. Kufikia mwaka 1920 njaa ikaisha.

Na upande wa kulia:

Watu wa Ugogo walizoea ukame. Waliweka akiba ya mtama na uwele, na mwaka ukiwa mbaya walibadilisha ng'ombe kwa nafaka. Wakati wa vita, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua vijana wawe wapagazi. Kwa hiyo mvua ilipokosekana, hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Ndiyo maana ukame uligeuka njaa kuu.

Waache watoto wasome kimya, kisha kwa sauti. Kisha uliza: aliyesoma ya kushoto peke yake atamlaumu nani? Watasema mvua. Na aliyesoma ya kulia? Hapo darasa litachangamka.

Angalieni lugha yetu ilivyosaidia kuficha. Kiambishi cha -ka- ni hazina ya msimuliaji. Kinaunganisha matendo kama shanga, mvua zikaharibika, njaa ikazidi, watu wakafa, na sikio linaridhika kabisa. Lakini -ka- inasema tu kwamba hili lilifuata lile. Haisemi lilitokana na lile. Msikilizaji mvivu huichukua kama sababu, na mwandishi mjanja anajua hivyo. Halafu kuna ndugu yake, kauli ya kutendwa: ng'ombe walichukuliwa, vijana walipelekwa. Walichukuliwa na nani? Mtoto wa darasa la sita akijifunza kuuliza swali hilo dogo kila anapokutana na kitenzi kisicho na mtenda, sina wasiwasi naye hata akikosa mwaka wa reli.

Hata hivyo mwalimu asikimbilie kusema kwamba upande wa kulia ndio ukweli na wa kushoto ni hila. Somo likiishia hapo tutakuwa tumebadilisha imani moja kwa nyingine. Upande wa kulia una udhaifu wake. Umeshika hoja, na kila kilichomo kimeingizwa kwa sababu kinaibeba hoja hiyo. Mwaka 1918 ulikuja ugonjwa wa mafua makali uliozunguka dunia nzima, na Tanganyika haukuiruka. Katika habari ya sababu na matokeo mafua hayo hayana pa kukaa, kwa kuwa yanaivuruga hoja iliyo safi. Katika habari inayofuata miaka nafasi yao ipo: ukifika 1918, unayaandika. Mfuatano wa wakati, pamoja na ubaridi wake wote, una ukarimu huo wa kupokea jambo ambalo halijapata maelezo. Kwa hiyo mtoto anahitaji zote mbili, na anahitaji kuzilinganisha, kama wale wazee walivyowahitaji wachungaji wote wawili.

Katika mtaala ulioboreshwa mwaka 2023, shule zetu za msingi zina somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Wapo waliocheka kuona vitu hivyo viwili vimefungwa pamoja. Mimi naona vinakaa vizuri, mradi maadili yasiwe sura ya mwisho inayohimiza uzalendo na usafi baada ya historia kwisha kusimuliwa. Maadili ya historia yamo katika kupanga: nani awe mtenda, nani awe mtendwa, habari ianzie siku gani.

Najua jibu la walimu, na ni la haki. Darasa lina watoto wengi kuliko madawati, wengine hawajakaa sawa katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtihani unasubiri na maswali ya kuchagua herufi. Nani ana muda wa kulinganisha mpangilio? Nasema wauanze kwa masikio, kabla ya macho. Mtoto anayesoma kwa kigugumizi bado anaweza kusikia kwamba simulizi mbili zimeanzia mahali tofauti. Nyingi ya karatasi zinazofaa tayari zinazunguka kijijini: kipeperushi cha mbegu ya alizeti, ambacho kimepangwa kwa hatua kwa kuwa ukikosea hatua unakosa mavuno; karatasi ya dawa, inayotanguliza kipimo na kuweka madhara nyuma kwa herufi ndogo; ratiba ya treni; tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mwalimu asome mbili, aulize moja tu: hii ingeweza kuanzia wapi pengine?

Ninachokiogopa zaidi ni kinyume chake, yaani somo hili likubalike na kisha likaririwe. Nawaza daftari lenye orodha ya aina tano za mpangilio, kila aina na maneno yake: kwanza, kisha, hatimaye kwa mfuatano, kwa sababu, hivyo, matokeo yake kwa sababu na matokeo, ilhali, bali, kwa upande mwingine kwa ulinganishi. Mtoto anapata alama zote na hajawahi kumshuku mwandishi hata mara moja. Maneno hayo yana faida, lakini yanaweza kudanganya. Mtu anaweza kuandika "kwa hiyo" mahali ambapo hakuna kwa hiyo yoyote. Afadhali mtoto asiyejua jina la mpangilio lakini anayeweza kuchukua sentensi sita zilizokatwa kwenye vipande vya karatasi, akazipanga upya, na kueleza nani amepata nafuu kwa mpangilio wake na nani ameumia.

Hatua inayobaki ni watoto waandike wenyewe, na Kintinku hawatakosa cha kuandikia. Upo mradi wa maji wa Kintinku–Lusilile, uliopangwa kwa ajili ya vijiji 11, na visima vyake viko Mbwasa. Habari za miradi huandikwa karibu zote kwa umbo moja: tatizo, kisha ufumbuzi. Wananchi walihangaika, serikali ikaleta, wananchi wakashukuru. Ni umbo lenye matumaini na sioni ubaya wa mtoto kulitumia. Lakini mwalimu amwombe aiandike habari ileile mara ya pili, safari hii akifuata maji yenyewe: yanatoka wapi, yanasukumwa na nini, yanapita vijiji gani, nani analinda bomba, nani analipia dumu, ikiharibika pampu anaitwa nani. Katika habari ya kwanza ufumbuzi huja na nukta ya mwisho. Katika ya pili, mtoto atagundua kwamba amefika bombani na bado kuna watu wengi wa kuwataja, na kwamba ukurasa mmoja hautoshi.